Gunsa Ndiyo Wapi?

McLeod Ganj,
3 Desemba 2006

Babu-la mpendwa,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Kama unaisoma hapo posta umesimama na miwani ya jirani Ngodup, rudi nyumbani kwanza, mimi nitakungoja.

Leo asubuhi nimemsikia mtu akipiga ukelele wako wa ng'ombe!

Ndiyo, ule ule: “Tsu-ka-ka-huuu!” Ule ambao Bylakuppe nzima inaucheka, unaowapigia wale ng'ombe wako wa maziwa nao wanakutazama tu kama umeishiwa akili. Miaka yangu yote ishirini nimeamini uliubuni mwenyewe ili kututia aibu mbele ya majirani. Kumbe una mwenzako.

Nilikuwa nashuka kutoka hekaluni, nimefika pale kwa wauza mboga, ambapo ng'ombe wa mtaani hulala katikati ya njia kama wao ndio manispaa. Bibi mmoja mgeni, kavaa joho la ngozi ya kondoo, uso umeungua kwa baridi, alikuwa amekaa ukutani anakula mkate. Ng'ombe akaja, akanyoosha shingo, akaubeba mkate wote. Bibi akaruka juu akaachia huo ukelele. Babu-la, ng'ombe aliutema mkate! Ng'ombe wa McLeod Ganj, ambao hata mabasi hawayaogopi!

Nikamkimbilia. Sikukumbuka hata kusalimu. “Bibi-la, ukelele huo umeutoa wapi?”

“Mdomoni,” akasema. “Wewe kwenu unatokea wapi?”

Nimemnunulia chai ya siagi na mkate mwingine, nikatoa na kinasa sauti, maana ndiyo kazi yangu sasa, kurekodi wazee. Amekuja kuhiji kutoka kule kwetu mlikokimbia, kavuka milima kwa miguu na goti moja bovu, na baada ya Mwaka Mpya anarudi. Basi lao linaondoka tarehe 22 Februari. Namwita Bi Tsomo, ila si jina lake, na wewe usiulize la kweli. Ni mfugaji, kwao ni Lungmar, bonde la kaskazini. Nikamwuliza kama huko kuna mahali panaitwa Gunsa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

“Mjukuu wangu, kila mtu ana gunsa. Ni kambi ya baridi! Mifugo ikishuka kutoka malisho ya kiangazi, unakaa gunsa. Umeniuliza kama kwetu kuna jiko.”

Unaelewa maana yake? Kitambulisho chako cha ukimbizi, mahali pa asili: Gunsa. Cha Mama: Gunsa. Changu: Gunsa. Shuleni kila mtoto alikuwa na kwao, huyu Lhasa, yule Derge, yule Lithang. Mimi nikisema Gunsa naulizwa, “Gunsa ndiyo wapi?” Najibu ulivyonifundisha, kwamba ni mji mkubwa wenye monasteri ya paa la dhahabu na watawa mia tatu. Kumbe miaka yote hiyo tumeandikiwa “kambi ya baridi”!

Lakini ukelele haudanganyi. Bi Tsomo anasema kila bonde lina wake, na huu ni wa Lungmar tu. Kwa hiyo tunaweza kujua kwetu ni wapi hasa, Babu-la, na kama kuna mtu wetu aliyebaki, Bi Tsomo anaweza kumpelekea neno lako. Lakini ni mpaka hiyo tarehe 22 tu. Nijibu leo hii. Simu usijaribu, baruti za kupasulia miamba ulipojenga barabara zilishakula masikio yako na mimi sitaki kupiga kelele mbele ya foleni nzima ya kibanda cha simu.

Mjukuu wako,
Yudon


Bylakuppe,
13 Desemba 2006

Yudon,

Barua yako nimeisomea posta, nimesimama, kwa miwani ya Ngodup. Wewe ni nani wa kuniambia nikae?

Kwanza, paa la dhahabu lipo. Huyo bibi macho yamemwisha. Pili, ukelele ni wangu, na kama anao basi ameuiba. Tatu, mimi sina nafasi ya mambo haya. Tembo wamelala kwenye mahindi ya Ngodup siku mbili, mama na baba yako wako Pune wanauza masweta mpaka Februari, na ng'ombe wanne wote wananitegemea mimi. Kulikuwa na jambo la nne, nimelisahau.

Unasema unarekodi wazee. Mama yako alinionyesha ile karatasi yako ya maswali. “Nyumbani ni wapi? Unajihisi wewe ni nani?” Mwanangu, mtu mzima akiulizwa maswali hayo kabla hajanywa chai, atajibu nini? Mimi nimeulizwa kwetu ni wapi na Wahindi, na wazungu wenye kamera, na polisi wa usajili. Nimechoka kuulizwa. Wewe unaposema “kwetu” unaitaja nchi ambayo hujaikanyaga, halafu unaidai kama nimeificha chini ya godoro.

Lakini kwa vile umeshamnunulia chai, mwulize hivi, na uulize kama vile huna haja sana. Ukitoka kambini kwenda kuteka maji, kuna majabali mawili, moja limepanda juu ya jingine. Watoto waliyaitaje? Usimdokezee. Mwache aseme mwenyewe.

Halafu mwulize habari za baba yangu. Jina lake hukuwahi kulisikia kwangu, wala mama yako hajalisikia. Aliitwa Norgye. Sijalitamka miaka arobaini na saba, na sababu ninayo. Naliandika hapa kwa sababu kalamu haina sauti.

Nilisahau kukuambia ule ukelele uupige kwa kupandisha mwishoni. Wewe umeuandika kama mtu anayepiga chafya.

Babu yako,
Sithar

Barua hii naituma kwa haraka, nimemfuata mwenye gari la posta mpaka njia kuu.


McLeod Ganj,
22 Desemba 2006

Babu-la,

Nimeharibu. Sijui nimeharibu nini ila nimeharibu.

Nilianza vizuri. Nilimkuta Bi Tsomo akizunguka hekalu na wenzake, nikajiunga nao kama vile sina haja, ulivyosema. Mzunguko wa tatu nikauliza majabali. Hakufikiri hata kidogo! “Yale? ‘Mke Kambeba Mume.’ Sote tulikuwa tunateleza kwenye mgongo wa mume, nguo zinachanika, tunapigwa.” Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu. Ndiyo jina lenyewe, Babu-la? Sema ndiyo!

Nikauliza monasteri. Samahani, lakini lazima nikueleze. Aliwaita wenzake wote waje kusikia. “Paa la dhahabu! Gunsa kuna upepo na mavi ya yaki, na upepo ukizidi hata mavi huyapati.” Wamecheka nusu saa nzima. Sasa wakiniona wananiita Binti Dhahabu.

Basi nikaona amechangamka, tukakaa kwenye benchi, nikawasha kinasa sauti, nikalisoma jina la baba yako kutoka kwenye barua. Sikulimaliza vizuri. Alinifunika mdomo na kiganja chake, kwa nguvu mpaka jino likanikata mdomo. “Kelele! Nani kakulea wewe?” Akachukua tasbihi yake akaondoka, hakugeuka.

Nimeusikiliza mkanda mara kumi. Inasikika “paa!” halafu viatu vyake vinaondoka. Sijui kama hamjui, au kulikuwa na uadui kati ya familia, au amedhani mimi ni mpelelezi. Nimelia, nakwambia ukweli. Nilishajiona nakuletea baba yako kwenye sinia.

Jana amekuja mwenyewe ofisini kwetu. Kanipa kipande cha jibini kavu, gumu kama kokoto, ndiyo samahani yake. Hakutaka kuzungumza habari ya juzi. Amesema tu: “Mwulize huyo babu yako, kabla lama hajampa jina la Sithar, aliitwa nani. Akijibu sawasawa, nitasema ninachokijua. Asipojua, basi ni mtu mwingine na asinipotezee siku.”

Ulikuwa na jina jingine? Mbona hatujui? Zimebaki siku sitini na mbili.

Yudon


Bylakuppe,
2 Januari 2007

Mjinga! Mjinga wangu, mpenzi wangu, mjinga!

Mke Kambeba Mume! Ndiyo! Ndiyo yenyewe! Nimelisoma nikapiga kelele, ng'ombe wote wanne wakatoka zizini, Ngodup akaja mbio na panga akidhani tembo amenikamata.

Sasa sikiliza. Tumewapeleka shule, mmejua Kihindi na Kiingereza na hesabu, jambo hili hakuna aliyewafundisha, na kosa ni langu. Sisi wafugaji jina la marehemu hatulitamki. Ukiliita unamgeuza nyuma, na yeye ana safari yake. Mimi nilikaa na jina la baba miaka yote hiyo bila kulitoa kwa sababu sikujua ni la mtu aliye hai au la.

Sasa fikiri. Ungelitaja jina la mtu asiyemjua, Bi Tsomo angekufunika mdomo? Angekuambia hamjui, akaendelea na chai yake. Alikufunika kwa sababu anamjua. Na alikufunika kwa nguvu kwa sababu amekwisha kufa. Hayo mawili yote yamo katika kile kibao ulichokirekodi.

Kwa hiyo baba yangu amefariki. Nimewasha taa za siagi mia moja na nane, Ngodup amenisaidia, tumemaliza samli yote ya mama yako, mwandikie wewe, mimi naogopa. Nililia mpaka adhuhuri. Lakini Yudon, nitakueleza ukweli, nililia huku nimefurahi. Tangu nina miaka kumi na miwili sijawahi kuwa na mtu aliyemfahamu baba yangu. Hata mmoja! Wakati mwingine nilijiuliza kama nilimwota.

Sasa nakuungamia la Gunsa. Tuliondoka majira ya baridi, mimi na mjomba wangu. Baba alibaki na dada yangu mdogo, kwa sababu yaki walikuwa karibu kuzaa. Akanifunga mkanda, akasema, “Nenda na mjomba wako. Mimi nipo Gunsa.” Hayo tu. Mjomba akafia njiani. Nikafika Assam, kwenye hema la usajili, joto lile, mimi bado nimevaa ngozi. Karani akaniuliza kwa lugha safi ya Lhasa, “Nchi yako ni ipi?” Sasa unajua hilo neno letu la nchi ya kuzaliwa lilivyo, ukilikata vipande viwili unapata “baba” na “mahali.” Mimi mtoto wa porini sikuwahi kulisikia likitumika namna hiyo. Nilisikia ananiuliza mahali alipo baba. Nikafurahi mno! Nikadhani wanakwenda kumchukua. Nikamjibu kwa sauti kubwa, “Baba yupo Gunsa!” Akaandika Gunsa.

Nilipokuja kuelewa nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na niliona aibu. Ndipo nikaezeka lile paa la dhahabu. Nisamehe.

Jina langu la utotoni. Kabla yangu walikufa watoto watatu, kwa hiyo mimi walinipa jina baya ili mashetani waniache. Niliitwa Mavi ya Mbwa. Haya, umeridhika? Ngodup akijua, kila tukicheza dadu hapa Bylakuppe atabamiza kopo akilitaja jina hilo. Ukimwambia nitakukana.

Na sasa jambo kubwa kuliko yote. Mwulize dada yangu. Anaitwa Palkyi, lakini ole wako ulitaje! Sema, “yule msichana mdogo aliyebaki.” Halafu nyamaza umsikilize. Akisema “yule marehemu” au “yule aliyetangulia,” basi. Lakini akilitamka jina mwenyewe, yu hai.

Sithar


McLeod Ganj,
11 Januari 2007

PALKYI!

Babu-la, kalitamka! Nilimwambia jina lako, Mavi ya Mbwa, akanirukia akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, kisha nikasema “yule msichana mdogo aliyebaki” nikang'ata ulimi nisiongeze neno. Na yeye, kama mtu anayesema habari za jirani, akasema, “Nani, Palkyi? Palkyi na domo lake lile?” Mara tatu! “Palkyi ana wajukuu saba. Palkyi tuligombana kabla sijaja, nilimwazima sufuria yangu.”

Yu hai na ana sufuria ya watu.

Usinijibu kwa barua. Panda treni. Ng'ombe mwachie Ngodup, jina lako mpe Ngodup, mpe chochote anachotaka, lakini njoo.

Yudon


Bylakuppe,
9 Machi 2007

Yudon wangu,

Nimefika salama, siku tatu na nusu, magoti yamevimba kama maboga na sijali hata kidogo. Kule kwenu milimani nilikuwa nimesahau baridi ya kweli inavyonukia. Nilipoteremka basini nikamwona yule mwanamke kwenye joho la ngozi, akanikagua juu mpaka chini, akasema mbele ya abiria wote, “Mavi ya Mbwa, umenenepa.” Nilitaka nimbebe mabegani.

Siku ishirini na sita tumezungumza! Wewe umejaza mikanda mingapi? Nimejua nani alioa nani, yaki gani alimpiga nani pembe, mto ulihamia wapi. Nilikuwa nauliza huku nakula, nauliza huku nazunguka hekalu. Lugha yangu yote ilirudi. Yapo maneno niliyokuwa nayo mdomoni miaka arobaini na saba bila mtu wa kumrushia, na yeye aliyadaka yote.

Siku ya basi, uliniona nimesimama kama gogo. Barua hatukuweza kumpa, mpakani wanapekua, kwa hiyo lazima abebe maneno kichwani. Akaniuliza, “Haya, nimwambie nini Palkyi?” Hotuba ninayo tangu utoto. Nikasema, “Mwambie nina ng'ombe wanne.” Ng'ombe wanne! Basi likaondoka. Angalau sweta amelichukua, lile la kijani la mama yako, amelivaa ndani ya joho.

Kuna jambo moja ambalo hukulielewa, niliona ulivyokunja uso. Kila Bi Tsomo alipotaka kunieleza mwisho wa baba, mimi nilikuwa naagiza chai nyingine, au naona mtu ninayemfahamu upande wa pili. Nilikuwa na furaha nyingi, Yudon, na niliogopa kuichanganya na hilo. Nilimwambia mwishoni, hayo atasema Palkyi kama akipenda.

Na lile shauri lako nimelikubali. Vitambulisho vinaandikwa upya mwaka huu, tutasahihisha. Lungmar! Mahali penye jina, penye mto, penye watu. Nimeshapita ofisi ya makazi kumwarifu Gyurme, yule karani kijana anayejipaka mafuta kichwani. Nikamwambia familia ya Sithar sasa ina kwao. Niliimba njia nzima kurudi, na Ngodup ananiuliza kwa nini ng'ombe wangu wananitazama hivyo. Mwache aulize.

Babu yako,
Sithar


McLeod Ganj,
21 Oktoba 2007

Babu-la mpendwa,

Neno limekuja! Mfanyabiashara mmoja wa Kathmandu, anayekwenda na kurudi na mazulia, kapita ofisini leo, kakaa, kafumba macho, kalisema lote kwa pumzi moja kama sala. Amelibeba tangu Agosti. Nimelirekodi, nimeliandika neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Mengine hayakunipendeza na nilifikiri nikufiche, halafu nikakumbuka chai zako zile, na kwamba ulisema atasema Palkyi. Soma ukiwa umekaa. Safari hii sitanii.

Palkyi anasema:

“Mwambie Mavi ya Mbwa sweta nimelivaa. Mikono ni mirefu, nimeikunja. Mwambie siku alipoondoka na mjomba nilimtupia jiwe kwa kuniacha, na nimejuta maisha yangu yote kwamba halikumpata. Mwambie ng'ombe wanne ni wachache, alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo?

“Mwambie baba hakuhama. Kiangazi kilifika, watu wote wakapandisha mifugo juu, yeye akabaki Gunsa na mbuzi wachache. Walimbembeleza, walimtukana. Akasema, ‘Mtoto nilimwambia nipo Gunsa. Akija akikuta majivu yaliyopoa, ataniulizia kwa nani?’ Alikaa hivyo viangazi kumi na vinne. Mimi ndiye niliyekuwa nateremka kumpelekea maziwa, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Hakufa kwa njaa wala kwa kupigwa, hilo mtulize. Alizeeka akalala. Tulimwacha huko huko kwa desturi yetu, ndege wakamchukua upande wa Mke Kambeba Mume.

“Mwambie asije akapatafuta. Mwaka huu tumeteremshwa sote barabarani. Nyumba ni za saruji, zimepangwa mstari mmoja, yangu namba thelathini na saba. Mifugo imekwenda. Bonde wamelizungushia waya. Karatasi zetu mpya zina jina la kijiji hiki cha barabarani, jina la kigeni, wajukuu wanalitamka vizuri, mimi nauma ulimi. Lungmar haimo kwenye karatasi ya mtu tena, wala Gunsa. Tulikaa gunsa miaka yote lakini hakuna aliyewahi kufikiri kuliandika.

“Mwambie sufuria ya yule mwanamke nimeirudisha, asisikilize uongo.”

Ndiyo mwisho. Mfanyabiashara akafumbua macho akaomba maji.

Babu-la, dada yako anatania kama wewe hasa, nimecheka na kulia kwa wakati mmoja, wenzangu ofisini wamenikimbia. Natamani ningekuwa hapo na wewe.

Fomu ya kusahihisha mahali pa asili nimeituma kwa Gyurme tangu wiki iliyopita, pamoja na ushuhuda wa Bi Tsomo bila jina lake. Kila kitu kipo tayari, wilaya, bonde, mto. Inabaki sahihi yako tu. Yangu na ya Mama zitafuata ya kwako.

Yudon


Bylakuppe,
2 Novemba 2007

Yudon,

Nimekaa kama ulivyosema. Nimeisoma mara sita, tano kwa miwani ya Ngodup na ya sita bila miwani, kwa sababu nilikuwa nimeshaishika kichwani.

Viangazi kumi na vinne! Unajua mfugaji kukosa kiangazi ni nini? Majani juu, maua, maziwa mpaka unamwaga, watu wanaimba, watu wanaoana. Yeye chini peke yake kwenye upepo na mbuzi. Nilitoka nje nikatembea mpaka mwisho wa mahindi, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kumkamata mtu yeyote nimwambie: baba yangu alinisubiri! Nikamkamata Ngodup. Nimemweleza yote, hata lile jina. Hakucheka. Amenivua kofia akaibusu, mzee yule mpumbavu, na tangu hapo ananiita Bwana Sithar, jambo linaloniudhi zaidi.

Sina huzuni, usiwe na hofu. Au ninayo, lakini iko chini, na juu yake nimejaa furaha mpaka siwezi kumeza chakula. Palkyi bado anataka kunipiga jiwe! Mtu aliyekusahau hawezi kutaka hivyo.

Leo asubuhi nimekwenda ofisini. Nimevaa joho zuri. Gyurme alikuwa ameshaichapa fomu yako, imependeza, Lungmar imeandikwa vizuri na wilaya yake. “Weka sahihi hapa, Babu-la,” akasema, “uwe na asili inayoeleweka.”

Nimeirudisha. Najua umehangaika, na najua ulivyoteswa shuleni, kwa hiyo hasira zako nazingoja, ziandike zote. Yako na ya mama yako fanyeni mtakavyo, Lungmar ni kweli, na ni kwenu. Lakini miaka yote hii niliona aibu kwamba mtoto yule hemani hakulielewa swali. Juzi nimelirudia lile swali kichwani, neno kwa neno, na jibu lake. Nimeona mtoto alijibu sawasawa. Karani ndiye ambaye hakujua ameuliza nini.

“Andika Gunsa,” nikamwambia Gyurme.

“Babu-la, Yudon ameandika wazi kabisa, Gunsa si jina la mahali.”

“Andika.”

“Na barua uliyonisomea inasema watu wote wamehamishwa. Hakuna kijiji, hakuna hata hema. Nitawaambiaje wakubwa zangu? Fomu inataka mahali penye watu.”

“Mtu yupo.”

“Nani?”

“Baba,” nikamwambia.

Akavuta karatasi nyingine, akaandika.

Babu yako,
Sithar wa Gunsa